Mpira na Koo la Mbwa: Mjadala wa Barazani

Juu ya jamvi tulipanga vitu vitano: mpira wa tenisi uliochubuka, gongo la mwarobaini lenye alama za meno, kipande cha kamba ya mkonge kilichopigwa fundo, mpira mdogo wa rangi ya chungwa wenye kengele ndani, na duara jeusi zito lililochongwa kutoka tairi la lori. Duara hilo ndilo lililotukusanya. Fundi wa katambuga, jirani yangu hapa Tanga, alilichonga kwa wiki mbili akitaka kuanza kuwauzia wenye mbwa, wawe wanalirusha na mbwa analileta. Kabla ya kuuza alitaka neno la daktari wa mifugo. Daktari alikuja, akamwamkia mzee, akalichukua duara, akajigonga nalo gotini, akafumba macho kwa maumivu, akasema hapana.

Nilikuwa na sababu yangu ya kuwaita barazani kwangu. Ule mpira wa tenisi jamvini ndio uliomuua mbwa wangu. Tulikuwa ufukweni Raskazone, jioni, maji yamekupwa, nami nikaurusha juu kwa nguvu kwa sababu nilipenda kumwona akiruka. Aliudaka hewani, kichwa kimeelekea nyuma, mdomo wazi, anavuta pumzi, na mpira ukapita moja kwa moja hadi kooni. Nilitia vidole kuutoa. Ulikuwa umelowa mate na mchanga, unateleza, na kila nilipougusa ulizidi kuzama. Hazikupita dakika nyingi. Tangu siku hiyo nikimsikia mtu akisema "ni mpira tu" nanyamaza, kwa sababu nikianza kumjibu sitamaliza.

Waliozungumza nawaita kwa nafasi zao. Fundi ana miaka sabini na zaidi. Daktari ni mwanamke wa makamo aliyewatibu ng'ombe wa mkoa huu kabla ya kuwajua mbwa wa mjini. Bi Mkubwa anakaa nyumba ya pili na anafuga mbwa wa ulinzi. Kijana ni mjukuu wake, na ndiye anayecheza na mbwa huyo.

FUNDI: Mwanangu, mimi sibishani na elimu yako, lakini nieleze kosa. Watu wanakuja kibandani kwangu na lalamiko moja: mpira wa dukani haumalizi siku. Mbwa anaulalia, anaushika kwa miguu ya mbele, anaumenya kama chungwa, na maganda yake anayameza. Nikasema basi, nitengeneze kisichomenyeka. Tairi hili limebeba saruji kutoka hapa hadi Arusha sijui mara ngapi. Lami haikuliweza. Mbwa ataliweza kwa meno gani?

DAKTARI: Hataliweza, mzee wangu, na hapo ndipo penye hofu yangu. Mbwa mzima ana meno 42. Kati ya hayo kuna gego kubwa la juu, moja kila upande, ambalo ndilo mkasi wake. Aking'ata kitu kisichobonyea, gego hilo hubanduka ubamba mzima, na jino linabaki wazi mpaka kwenye uhai wake. Mbwa hasemi. Anahamia upande wa pili, anaendelea kula, na mwenyewe anamleta kwangu baada ya miezi kwa sababu shavu limevimba chini ya jicho. Anadhani kaumwa na nyuki.

FUNDI: Kikiwa laini anakimeza, kikiwa kigumu kinamvunja. Nishike lipi?

DAKTARI: Anza na ukucha wako. Kikandamize kwa ukucha wa dole gumba. Kikiacha alama, jino lina nafasi ya kuzama na kutoka. Hilo duara lako halikuacha alama yoyote, na ukucha wangu unauma mpaka sasa. Kipimo cha pili ni goti. Usichotaka kikugonge gotini, usimrushie mbwa anayekikimbilia kwa uso.

KIJANA: Lakini Dokta, nimesoma habari za mtu mmoja wa Colorado, Marekani, anaitwa Joe Markham. Alikuwa na mbwa wa jamii ya German Shepherd, jina lake Fritz, aliyekuwa akitafuna mawe mpaka meno yanalika. Siku moja Markham yuko kwenye gari lake la Volkswagen analitengeneza, akamrushia Fritz vipuri ili aache mawe, na Fritz akapenda kipande kimoja cha mpira cha kwenye ekseli. Kutoka hapo ikazaliwa KONG, kampuni ikaanza mwaka 1976. Ni kipuri cha gari, kama cha Babu. Tofauti iko wapi?

DAKTARI: Tofauti iko kwenye kazi ya kipuri. Kile cha Markham kiliwekwa kwenye gari ili kipokee kishindo, kikunjike, kirudi. Uso wa tairi umewekwa ili usilike. Halafu tairi lina kilicho ndani yake.

FUNDI: Kama unasema nyaya za chuma, mimi hizo sizikati, zinaharibu kisu. Hili ni tairi la nyuzi.

DAKTARI: Nyuzi zinanitisha kuliko waya, mzee wangu.

Hapo akainua kile kipande cha kamba ya mkonge, akaanza kukifumua taratibu huku akizungumza. Fundi hakupenda. Mkonge kwa mtu wa Tanga hausemwi vibaya hivi hivi; ni mmea aliouleta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche 1,000 ikasafirishwa na ikafika hai 62 tu, na kutokana na hiyo 62 mkoa mzima ukapata mashamba, makambi na majina ya mitaa. Baba yake Fundi alikata mkonge. Alimkumbusha Daktari hayo yote, naye alimsikiliza hadi mwisho.

DAKTARI: Sina ugomvi na mkonge. Nina ugomvi na uzi mrefu tumboni, uwe wa mkonge, wa nailoni au wa pamba. Ncha moja ya uzi inakwama kwenye mlango wa tumbo. Utumbo unafanya kazi yake, unausukuma uzi uliobaki uende mbele, uzi hauendi. Kwa hiyo utumbo ndio unaopanda juu ya uzi, unajikunja makunyanzi, kama suruali ya kamba unapovuta mshipi kiunoni. Ukiendelea kusukuma, uzi unaukata kwa ndani kama msumeno. Mbwa anatapika siku ya kwanza, siku ya pili analala tu. Kamba ya kuvutana naye, ukiwa umeishika wewe, sawa. Kamba ya kumwachia aitafune peke yake, hapana.

FUNDI: Basi na wewe niambie ni kitu gani hakikatiki wala hakivunji.

DAKTARI: Hakuna.

Palikuwa na kimya. Mimi nadhani neno hilo moja ndilo lililogeuza mazungumzo, ingawa Fundi alikuwa bado amekasirika. Tulikuwa tumekaa tunatafuta mpira usiokufa, na mwenye mbwa yeyote angefanya hivyo, kwa kuwa fedha inauma. Daktari alikuwa anatuambia kwamba kila kitu kinachoingia mdomoni mwa mbwa kitakufa, na kazi ya fundi ni kuamua kitakufa vipi: kwa vipande au kwa nyuzi, kwa kubanduka ghafla au kwa kulika polepole mtu akiona.

Kijana aliuchukua mpira wa tenisi, akauliza huu unakufaje. Nilimwacha aushike. Nilishausoma mpira huo kuliko kitabu chochote. Ni nusu mbili za mpira zilizogandishwa pamoja, juu yake kitambaa cha sufu na nailoni. Kipenyo chake kwa kanuni za mchezo wa tenisi ni kati ya sentimita 6.54 na 6.86. Ule unyoya wa juu unashika mchanga, na mpira wenye mchanga ni msasa: mbwa anayeutafuna kila siku anajikwangua chonge mpaka zinakuwa butu. Ulitengenezwa kwa ajili ya raketi. Hakuna aliyeuchora akifikiria koo.

BI MKUBWA: Lakini mbwa wako alikuwa mkubwa. Mpira ule si mdogo.

DAKTARI: Bi Mkubwa, hapo umeshika penyewe. Kwa mbwa mdogo mpira huo haupiti chonge. Kwa mkubwa unapita. Kwa watoto wa binadamu jambo hili limepimwa. Marekani wana kopo la kupimia lenye kipenyo cha milimita 31.7, kitu cha kuchezea cha mtoto wa chini ya miaka 3 kikizama chote ndani ya kopo, hakiuzwi. Mipira ina kipimo chake, tundu la milimita 44.4, mpira ukipita, haumfai mtoto wa umri huo. Ulaya wana agizo lao la mwaka 2009, linawahusu watoto walio chini ya miaka 14. Mbwa hayumo. Mtu anaweza kumtengenezea mbwa kitu ambacho angezuiwa kumpa mtoto, na mbwa ndiye mwenye kinywa kinachofungua zaidi na meno yanayokata.

FUNDI: Basi ni rahisi. Tunapima mdomo wa mbwa, tunatengeneza mpira unaozidi. Watoto wana kopo, nami nitakuwa na kopo langu.

DAKTARI: Unaupima ukiwaje?

FUNDI: Ukiwaje vipi? Nausimamisha, naupima.

DAKTARI: Mbwa haumezi ukiwa umesimama. Anaumeza ukiwa umebanwa.

Fundi alitoka, akaenda kibandani kwake ng'ambo ya barabara, akarudi amebeba jiliwa dogo la chuma. Alinitazama usoni kuniomba ruhusa. Niliitikia. Akauweka ule mpira wa tenisi kati ya mataya ya jiliwa, akakaza bila nguvu nyingi, na mpira ukabonyea mpaka ukawa na unene wa vidole vitatu. Wote tuliuona. Akaulegeza, ukarudi umbo lake kana kwamba hapakutokea kitu.

FUNDI: Kumbe ulaini uliouomba kwa ajili ya jino ndio unaopunguza mpira ufike kooni.

DAKTARI: Ndiyo. Na hilo silijibu kwa neno moja. Ndiyo maana nataka ukuta uwe mnene, ubonyee juu lakini usikubali kulala. Na upimwe ukiwa ndani ya jiliwa hivyo hivyo, siyo mezani. Na uwe na njia ya hewa kutoka upande hadi upande, ili hata ukikwama, pumzi ipite wakati mnahangaika.

Nilimuuliza swali nililokuwa nalo kwa miaka miwili: ningefanya nini? Alijibu polepole, akionyesha shingoni mwake. Usitie vidole. Mlaze mbwa chali. Upapase mpira kwa nje, kwenye koo. Weka madole gumba yote mawili nyuma yake, upande wa kifuani, usukume kuelekea mdomoni na juu, kama mtu anayekamua embe ling'oke kokwa. Utoke kwa nguvu ya nje, usizamishwe kwa nguvu ya ndani. Naandika maneno hayo hapa kwa sababu mimi sikuambiwa na mtu.

Mpira wenye kengele ulikuwa wa Bi Mkubwa. Aliununua sokoni, wa rangi nzuri, una tundu moja. Daktari aliubonyeza, akaliweka tundu kwenye shavu la Kijana, akaachia. Mpira ukabaki unaning'inia shavuni. Kijana alipouvuta uliacha duara jekundu.

DAKTARI: Hilo ni shavu. Fikiria ulimi. Mbwa anautafuna, hewa inatoka, mpira unataka kurudi umbo lake, hewa haina pa kuingilia, kwa hiyo unavuta kilichopo karibu. Ulimi ukishaingia, damu inaingia na haitoki, ulimi unavimba, tundu linazidi kuubana. Mwaka 2008 huko Marekani mbwa mmoja alikatwa ulimi kwa ajili ya mpira wa tundu moja, na kampuni ikauondoa sokoni. Hannover, Ujerumani, madaktari walimpokea mvulana aliyenasa ulimi kwenye chupa ya juisi. Hawakuvuta. Walipitisha mrija mwembamba pembeni mwa ulimi, wakasukuma hewa ndani ya chupa kwa bomba la sindano, ulimi ukatoka. Hewa ndiyo iliyomfungua.

FUNDI: Kwa hiyo tundu la pili si urembo.

DAKTARI: Ni gharama ya msumari wa moto, mzee wangu. Kutoboa upande wa pili.

Ni jambo dogo kiasi hicho, na lilinikasirisha kuliko mengine yote ya jioni ile. Tairi na nyuzi vina ugumu wake, fundi anaweza kukosea kwa nia njema. Lakini tundu la pili halina hoja ya kulipinga. Halipunguzi mdundo, haliongezi bei ya maana. Anayeuza mpira wa tundu moja hajakaa na mbwa, au amekaa naye na hakumtazama.

BI MKUBWA: Haya, mimi mwaniogopesha. Sisi tumekua na gongo. Unarusha gongo, mbwa analeta. Mwarobaini haununuliwi.

DAKTARI: Gongo likianguka bapa, hakuna neno. Siku moja litachoma mchanga kwa ncha, lisimame, na mbwa yuko kwenye mbio zake mdomo wazi. Analikimbilia mwenyewe. Linaingia chini ya ulimi au nyuma ya koo, na vibanzi vinabaki ndani ya nyama, jeraha linaziba juu, usaha unatafuta njia kwa wiki. Madaktari wenzangu duniani kote wamechoka kulisema hili.

Bi Mkubwa hakujibu. Alilitazama gongo, kisha akasema jambo ambalo nimelifikiria sana tangu hapo.

BI MKUBWA: Mnazungumza koo na meno, na mimi nina jambo langu. Mbwa wangu namfuga kwa ulinzi, na hilo halina tatizo. Nampenda, Mungu ndiye shahidi. Lakini mate yake yakinigusa naosha mara saba, moja kwa udongo. Mpira wenu unakuja umelowa. Mwataka niushike saa kumi na moja jioni, Magharibi inakaribia? Ndiyo maana mimi sichezi naye. Mjukuu ndiye anayecheza naye, na mbwa ananiangalia mimi.

KIJANA: Kuna fimbo za kurushia, Bibi. Zina kikombe mwishoni. Unaubana mpira chini bila kuinama, unaurusha. Mkono haugusi.

DAKTARI: Zipo, na ni nzuri kwa hilo. Ila zinatupa mbali mno. Mbwa atakimbia kwa sababu umerusha, siyo kwa sababu anaweza. Joto la Tanga hili, naye hatoi jasho kama sisi, anahema tu. Wapo wanaokimbia mpaka wanaanguka. Mara chache, karibu, chini chini, asiruke akajipinda goti. Ulimi ukitoka umepanuka kama koleo, mchezo umekwisha.

BI MKUBWA: Fimbo ninayo. Hii bakora. Kwa nini kitu chenyewe kisiwe na tundu la kupitisha bakora?

Fundi aligeuka kumtazama. Alichukua kipande cha mkaa, akachora kwenye sakafu ya baraza langu pete kubwa. Bi Mkubwa akainuka, akaweka ncha ya bakora katikati ya mchoro, akafanya kama anainua na kurusha. Sijamwona Daktari akitabasamu namna ile.

Wakaanza upya, safari hii wakikatizana. Pete haizibi koo, kwa kuwa katikati kuna hewa. Pete haina utupu wa kuvuta ulimi. Ikianguka inalala, haisimami kama gongo. Daktari alikubali yote, kisha akaleta lake: amewahi kukata mfupa wa pete uliomvaa mbwa taya la chini, umepita chonge na haurudi. Kwa hiyo tundu la katikati ama liwe dogo lisilopokea taya, ama kubwa kiasi kwamba hata kichwa kizima kikiingia kinatoka bila kuvutwa. Cha kati na kati ndicho mtego. Fundi akafuta mchoro kwa kiganja, akachora mwingine mpana zaidi, karibu upana wa sinia la wali. Unene wake, alisema, ataupima ndani ya jiliwa.

KIJANA: Na rangi iwe nyekundu. Inaonekana mbali.

DAKTARI: Kwako. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani, Jay Neitz na wenzake, walipima macho ya mbwa, wakaona kwamba wao wana aina mbili tu za seli za rangi badala ya tatu. Bluu wanaiona, manjano wanaiona. Nyekundu na chungwa kwenye nyasi kwao zinafifia, zinafanana na nyasi zenyewe. Mwenye mbwa anasema mbwa wake mjinga hauoni mpira, kumbe mpira ndio uliojificha.

Bluu kwa mchanga na nyasi, basi. Baharini bluu ingepotea machoni petu sisi, kwa hiyo Fundi akapendekeza bluu nje na manjano ndani, na hilo halikupingwa. Habari ya bahari ilichukua muda kidogo tu: Daktari alitaka pete iwe nyembamba upande wa kung'atia, kwa sababu mbwa anayeogelea na kitu kinene mdomoni anaacha mdomo wazi na kumeza maji, na maji ya chumvi yakizidi yanamuua. Ikabaki kuona kinachoelea, nikaletewa ndoo. Duara la tairi likatumbukizwa, likazama mpaka chini kwa sauti. Mpira wa asili, ule usiochanganywa na masizi meusi ya tairi, ni mwepesi kuliko maji na unaelea. Fundi akataja Kihuhwi, lile shamba la miti ya mpira la Muheza. Muheza siyo mbali na Tanga. Kiraka cha moto anakijua tangu utotoni; anajua salfa inavyougeuza utomvu kutoka kitu kinachonata kuwa kitu kinachorudi. Atahitaji kalibu ya chuma ya nusu mbili, na mtu wa kumchongea.

Ndipo akauliza swali lake la haki.

FUNDI: Nikishatengeneza yote haya, mtu akanunua, akamwachia mbwa usiku kucha, mbwa akaitafuna, akafa. Utasema ni mimi?

DAKTARI: Mwenye mbwa anapaswa kuiondoa mchezo ukiisha. Aitundike msumarini.

FUNDI: Hataitundika. Mimi nawajua wateja. Wanaambiwa wasilowanishe katambuga za gundi, wanaenda nazo baharini.

DAKTARI: Na mbwa aliyefungwa mnyororo tangu asubuhi mpaka usiku atatafuna hata mlango. Mpira hautibu mnyororo.

BI MKUBWA: Unanisema mimi?

DAKTARI: Namsema kila mtu wa mtaa huu, Bi Mkubwa, pamoja na wewe.

Lilikuwa neno zito kwa mtu aliyempita umri, na Bi Mkubwa alikaa kimya muda mrefu, shanga za tasbihi zikitembea vidoleni. Sikumtetea. Katika swali la Fundi, hata hivyo, mimi nilimpinga Daktari na bado nampinga. Hatuwezi kuchora kitu kwa ajili ya mwenye mbwa ambaye hasahau. Mimi sikuwa mzembe siku ile Raskazone. Nilikuwa na furaha. Mtu mwenye furaha anarusha juu mno, anarudia mara nyingi mno, anasahau mpira kwenye majani. Kitu kinapaswa kumkumbusha chenyewe.

Fundi alikuwa amelichukua duara lake lililozama, akilifuta maji kwa shati. Akaingiza kidole kwenye mfereji wa tairi, akasita. Akamwita Daktari asogee.

FUNDI: Mwanangu, tia kidole hapa. Unasikia kinundu? Kila tairi linacho, ndani ya mifereji, kimo chake milimita 1.6. Tairi likilika mpaka likalingana na kinundu, dereva hahitaji kuuliza mtu. Limekwisha, hata kama bado linabeba. Sasa mimi nikimimina manjano kwanza, juu yake bluu nyembamba, mbwa akila bluu akafikia manjano?

DAKTARI: Mwenye mbwa anaona.

FUNDI: Hata Bi Mkubwa ataona kwa mbali bila kuishika.

Kuhusu bei hawakukubaliana. Kipande cha tairi Fundi anakipata karibu bure. Pete ya kumimina ina utomvu, kalibu, kuni na siku zake. Kijana aliuliza mwenye mbwa asiye na hela atarusha nini, kama siyo gongo. Daktari alifikiri, kisha akasema asirushe chochote: amwage kiganja cha dagaa kwenye nyasi, mbwa atafute kwa pua mpaka achoke. Fundi hakuridhika na jibu hilo, kwa kuwa yeye ni mtu wa kutengeneza vitu, na mimi pia sikuridhika sana. Kuna kitu kinachopita kati ya mtu na mbwa pale kinaporushwa na kuletwa ambacho dagaa hawakileti.

Adhana ya Magharibi ilipoanza, Bi Mkubwa aliinuka na mjukuu wake. Daktari akaaga. Fundi alibaki akikusanya vifaa vyake, akalibeba jiliwa, kisha akauokota ule mpira wa tenisi na kuniuliza kama anaweza kuuchukua. Alitaka kuupigilia msumari juu ya meza yake ya kazi, pembeni ya jiliwa, uwe kipimo: kila pete atakayomimina ataibana kwanza, na unene wake ukilingana na wa mpira ule ulipobanwa, au ukipungua, haiuzi.

Nilikuwa nimeuhifadhi kwa miaka miwili ndani ya droo ya shati. Nikampa.